Mishale na Masale

Baba yangu aliongoza rozari nyumbani kwetu Mwika tangu kabla sijajua kusema. Alipofanyiwa upasuaji wa koo na sauti ikaondoka, aliendelea kuiongoza kwa kompyuta.

Fikra ilikuwa yangu. Siku chache kabla hajaenda hospitali nilipandisha kutoka Moshi mjini kompyuta ya mezani niliyoinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa inafunga shughuli, nikachomeka kipaza sauti, nikamketisha baba mbele yake. Alivaa koti la Jumapili, eti anarekodiwa. Alisali rozari nzima, akituachia nafasi ya kuitikia, na mahali fulani katikati ng'ombe analia na baba anakohoa kile kikohozi chake. Nikaiweka kwenye folda niliyoiita BABA, kwenye diski D. Nakala niliyoichoma kwenye CD ilikwaruzika mapema, haikusoma tena.

Basi ikawa kila jioni mama akimaliza vyombo anafuta mikono kwenye khanga, anabofya mara mbili, na baba anasali kutoka kwenye spika, huku mwenyewe amekaa kitini pake midomo ikifuatisha. Wageni walishtuka. Sisi tulizoea.

Miaka ile ndiyo vijana walianza kutembea na flashi zinaning'inia shingoni kama skapulari. Mdogo wangu, aliyekuwa akifanya biashara Tarakea, alikuja nayo imejaa picha za arusi ya rafiki yake. Akaichomeka. Arusi tuliitazama, pilau tuliiona, na Jumamosi iliyofuata nilipokuja nyumbani nilikuta kwenye kioo picha ndogo za diski ambazo sikuziweka mimi. Diski C, diski D, na nyingine isiyo na jina, kila moja na kishale pembeni, ile alama ya njia ya mkato. Na BABA nayo ilikuwa imeota kishale. Nilipoibofya, kioo kilipepesa kidogo, kikatulia. Hakuna sauti.

Nikafuta zile diski. Nikazima, nikawasha, zikarudi. Nikafuta tena, zikarudi, kama kuku wa jirani kwenye ulezi wa pombe ya mbege ulioanikwa. Mimi si mtu wa subira, na mdogo wangu alikuwepo, nikamwambia maneno ambayo hata mama aliyasikia kutoka jikoni. Kitu kimoja tu kilinipa moyo: diski D ilionyesha imejaa vilevile. Kama sauti imetoka, mbona nafasi haijaongezeka? Jumapili ile jioni tulisali kimyakimya, kila mtu na yake, na baba aliinuka kabla hatujamaliza akaenda kulala.

Alfajiri ya Jumatatu niliteremka kazini. Nikasema mtu asiiguse.

Fundi mmoja karibu na soko la Moshi alinisikiliza huku anakula muhogo. "Imejaa vilevile? Basi sauti ya mzee imo humohumo, dada. Kirusi kimeificha tu, kikaweka shotikati mlangoni. Hivyo vishale hata ukivifuta havina madhara. Ila fomati, chonde chonde, msipige, itafuta yote na hata mimi sitairudisha. Niletee kesho niifichue."

Nilinunua mkate mkubwa. Jioni ile ile nikapanda kurudi, nikawaza nitakavyoingia na habari hiyo, nikaona hata uso wa baba.

Mdogo wangu alinipokea mlangoni anacheka. "Dada, imepona!"

Kioo kilikuwa safi. Hakuna kishale, hakuna diski za ajabu. Nikafungua D. Nyeupe.

Mama ndiye aliyenieleza, kwa hasira ya mtu aliyekuwa na haki asisikilizwe. Mwanawe alikuwa kwenye simu na rafiki yake wa Tarakea anayejua kompyuta. Mama mwenyewe yuko jikoni anamenya ndizi, akasikia, "Kwa hiyo ning'oe vyote vyenye mishale?" Kwa masikio ya mama, aliyezaliwa na kukulia kwenye Kichagga, hiyo ilikuwa masale. Masale, ile mimea ya majani marefu, ndiyo mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, ndiyo yanayoonyesha wazee wamelala wapi. Huyang'oi hata kama yamekauka. Alitoka na kisu mkononi. "Masale hayang'olewi! Nani amekuambia ung'oe masale?" Mwanawe akacheka mpaka akakaa chini. Akamweleza kwamba ni mishale, mama, mishale ya kwenye kompyuta. Akaifuta. Ikarudi. Rafiki akamwambia basi apige fomati, diski itakuwa mpya kabisa.

"Nilimwambia hayang'olewi," mama alisema.

Nilimgeukia mdogo wangu. Nilimwambia kwamba baba alikatwa sauti na madaktari mara moja, na yeye amemkata mara ya pili. Nilimwambia asile chumvi yangu tena. Alikuwa ameshaelewa, alisimama akishika ukuta, mtu mzima mwenye mke na duka, machozi yanamtiririka. Nilichukia hata machozi yake.

Hatukumwona baba akitoka. Alirudi ameshika jani la isale alilolichuma mpakani, amelifunga fundo. Kwetu, aliyekukosea akikuletea isale huna ruhusa ya kukataa, hata kama amekuulia ndugu. Baba alinitazama mimi, akamwonyesha mwanawe kwa kidevu, akaninyooshea. Yeye ndiye aliyeibiwa, na yeye ndiye aliyekuja kuomba. Sikutaka kulipokea, nasema kweli. Nikalipokea.

Jioni mama aliketi na rozari yake kwa mazoea, uso ameuelekeza kwenye kompyuta. Mdogo wangu akafungua kinywa aanzishe, mama akamzuia kwa mkono. Baba alikuwa ameshaanza. Midomo ilikwenda taratibu, kwa mwendo ule ule tulioujua, ikafika mwisho, ikasimama. Akatungoja. Ndipo tukaitikia.

Tangu siku ile mpaka tulipomlaza kwenye masale yake, rozari nyumbani kwetu ilisikika nusu tu, ile yetu ya kuitikia, inayoishia na "saa ya kufa kwetu". Nusu yake yeye tuliitazama.