Mishale ya Kupandia

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Mishale alichora mishale myekundu kwenye miamba ya mlima ili watu wasipotee, na katika muda huo wote hakuna aliyewahi kumwona akishuka. Alipanda asubuhi na kopo la rangi, akafika kileleni mchana, kisha akarudi kwa pikapu ya ofisi iliyopita barabara ya upande wa pili, macho kayafumba. Alisema anasinzia. Dereva, mtu mwenye adabu zake, hakuuliza ni usingizi gani unaomfanya mtu ang'ang'anie dashibodi.

Alikuwa anaogopa. Ukipanda, jiwe liko mbele ya pua yako. Ukishuka, mbele ya pua hakuna kitu. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na visanduku viwili, cha kupanda na cha kushuka, naye alitia tiki vyote viwili, kwa mkono uliotulia.

Hakuna aliyedhurika, maana waliopanda kwa miguu walirudi kwa njia waliyokwisha kuiona. Kisha ofisi ikaamua waendesha baiskeli washuke kwa njia hiyo hiyo. Mkewe, fundi cherehani aliyeambiwa na daktari afanye mazoezi kwa sababu ya presha, akajiandikisha siku ya ufunguzi.

"Baba Mapacha, ile cheni umeikaza?" aliuliza asubuhi hiyo, akifunga helmeti mbele ya kioo cha wateja.

"Nitaikaza."

"Ulisema hivyo Jumatatu."

"Na bado nasema hivyo."

Mzee Mishale alipangiwa meza ya maji, katikati ya njia. Wa kwanza kufika alikuwa kinyozi wa mtaani kwao, aliyekunywa bilauri mbili bila kupumua.

"Mzee Mishale, mishale yako mizuri sana. Shida ni kwamba mtu anaiona akigeuza shingo. Pale njia panda nilibahatisha tu."

Waliokuwepo wakacheka. Mzee Mishale akacheka pia, kwa kuchelewa. Ukungu ulianza kuteremka, na simu yake ikaita.

"Ndiyo naondoka kileleni," alisema mkewe. "Huku sioni mbali kuliko mkono wangu. Lakini usijali, nafuata mishale yako."

"Usishuke! Mama Mapacha, subiri hapo hapo—"

Simu ilikuwa imekatika. Alipiga tena. Haipatikani.

Kwenye njia panda, kwa anayeshuka, mkono wa kulia ulileta watu kwenye meza ya maji. Wa kushoto ulielekea machimbo ya mawe yaliyoachwa, hatua mia hivi. Ilikuwa njia pana na laini kuliko zote mlimani, mpaka ilipoishia hewani. Ubao wa kuizuia ulikuwa umeshaombwa, kwa barua.

Akamwachia kinyozi meza, akalinyakua kopo lake na kupanda. Kila jiwe lilimpokea kwa mshale safi, ulionyooka. Hakuwahi kuichukia kazi yake namna ile. Kwenye njia panda aliinama juu ya tope: alama ya tairi, mbichi, imekata kushoto.

Aliita. Akaita tena. Kisha akaketi, na kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine, akaanza kuishuka njia ya kushoto kwa makalio. Alitanguliza kisigino, akapapasa ardhi, ndipo akasogea. Alijaribu kuhesabu hatua, lakini makalio hayana hatua, hivyo hakujua zimebaki ngapi.

"Mama Mapacha!"

Chuma kiligonga chuma, karibu sana.

"Nani huyo?"

Mkewe alikuwa amechuchumaa njiani, baiskeli kaipindua magurudumu juu, mikono myeusi kwa grisi. "Cheni imechomoka, ikakwama kwenye gurudumu. Nusura niruke usukani. Jumatatu, Baba Mapacha! Nilikuambia Jumatatu!"

Alimfikia na kumshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili. "Usisogee."

"Mguu wangu una nini?"

Akaokota jiwe, akalitupa mbele ya baiskeli, mahali penye ukungu tu. Wakasubiri. Sauti ilipokuja, ilitoka chini sana.

Mkewe akaivuta baiskeli karibu naye.

"Mshale ulikuwa wapi?"

"Upande wa chini wa jiwe."

"Kwa nini?"

"Sijawahi kushuka. Hata mara moja."

Mkewe akaitazama suruali ya mumewe iliyochanika nyuma. "Na mimi miaka yote nadhani unaipenda ile pikapu."

Walirudi njia panda. Hapo Mzee Mishale akachora mshale kwenye uso wa juu wa jiwe. Ikabaki kushuka hadi kwenye meza ya maji.

"Shika kiti cha baiskeli," alisema mkewe, akitangulia. "Tazama visigino vyangu. Kwingine kote hakukuhusu."

Mumewe alisimama kwenye kila jiwe kupaka rangi, mkono ukitetemeka. Mishale ya upande ule imepindapinda mpaka leo. Wageni hudhani ni ishara ya kona kali, wakapunguza mwendo.