Njia ya Juu ya Lufingo

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mpaka jirani wa kanisani ananigonga kiwiko. Nilikuwa nimeolewa Lufingo, na miguu yangu ilikuwa imestaafu.

Ukinitazama na mgongo huu huwezi kuamini, lakini mimi nilikuwa senta wa timu ya netiboli ya kiwanda cha chai. Watu walitoka Makandana na Ibighi kuja kutuona, wakaliita jina langu mpaka mwamuzi anakasirika. Kisha ikaja miaka ile ya ruksa, serikali ikawauzia watu binafsi mali zake, kiwanda chetu nacho kikauzwa, na tajiri mpya hakuwa na habari na netiboli. Timu ikafa. Nikasema basi, sasa napumzika.

Nikapumzika kweli kweli! Ndizi na maziwa ya mgando nilikula kwa kipimo kile kile cha mchezaji, ila mbio sikukimbia tena. Watu waliniambia, "Mama, umependeza," nami naitikia huku moyo unaniuma. Niliona yule msichana aliyeshangiliwa uwanjani ameshakufa, mimi nimebaki kumtunzia nguo zake.

Sasa wewe uliyekulia mjini pengine hujaambiwa. Kwetu Wanyakyusa, siku hizo, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamsemeshi, hamtaji jina, na akimwona njiani anaacha njia na kujificha mpaka mzee apite. Si chuki, ni heshima, na baba mkwe wangu aliishika sana.

Basi asubuhi hiyo nakwenda sokoni Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani, mvua imelowesha kila kitu, mara mzee huyo anatokea kwenye kona! Pembeni kuna mtaro. Zamani mtaro ule ningeuruka huku naongea. Nikautupa mkungu, nikaruka, nikatua katikati, kwenye matope hadi magotini. Kupanda siwezi, kujificha siwezi. Naye maskini afanye nini? Kunivuta ni mwiko, kuniacha ni aibu. Akageuka akanipa mgongo, akajifunika koti kichwani, akasimama hapo mvuani akikohoa ili nijue hatazami. Wachuma chai wawili ndio walionitoa, wakicheka mpaka nguvu zinawaishia. Mzee hakusogea mpaka walipomwambia, "Tayari, baba!"

Jioni mama mkwe akanijia jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa.

"Baba yako anasema kuanzia kesho yeye atapita njia ya chini. Wewe shika ya juu."

"Mama, ya juu inapanda mno! Nitaiweza mimi?"

"Ndiyo maana kakupa wewe." Akavuta kigoda, akakaa. "Hujui? Kabla hujaolewa alikuwa akienda uwanjani kukutazama. Akirudi ananisimulia mpaka nachoka. Anasema senta yule hawezi kushindwa na kilima."

Mwanangu, nililia. Kesho yake nikanunua raba za mtumba, nikakishambulia kilima kwa mbio zangu za uwanjani. Nilifika kwenye migomba ya kwanza tu, nikakaa chini natweta, nimechukia kila kitu. Siku kadhaa nilikuwa hivyo hivyo, nashindana na yule msichana, na yeye kila siku ananishinda.

Halafu asubuhi moja nikachoka kushindwa naye, nikamwacha aende zake. Nikaanza kupanda polepole huku naimba wimbo wa kanisani, na pale pumzi ilipokatika nikajiambia, "Hapa ndipo pangu pa leo." Nikaweka nia mpya: siku moja nitaimba wimbo huu mzima, beti zote, kutoka chini mpaka juu bila kusimama. Hakuna mwamuzi, hakuna kombe. Basi ukawa mchezo wangu. Ubeti wa kwanza ukapita migomba, wa pili ukafika kwenye mashamba ya chai, na mimi kila alfajiri naamka na hamu kama zamani siku ya mechi.

Masika ilipokwisha, nikafika juu naimba. Beti zote! Nikasimama pale kileleni nimeshika kiuno, nimejaa furaha sijui niipeleke wapi. Ndipo nikasikia, kutoka njia ya chini, sauti nzito ya mzee ikiimba besi ya wimbo ule ule. Ukungu ulikuwa katikati yetu, yeye hanioni, mimi simwoni. Desturi ilikataza kuonana na kusemezana. Habari za kuimba haikusema. Nikaurudia wimbo tangu mwanzo, naye akaitikia mpaka mwisho. Zile kelele zote za uwanjani hazikuwahi kunifurahisha hivyo.

Basi wewe uliyetundika viatu na kuketi unahesabu medali, nisikilize. Usishindane na yule uliyekuwa; muage kwa heshima. Tafuta lengo la mwili huu ulio nao leo, dogo kiasi cha kuanza kesho asubuhi, tamu kiasi cha kukurudisha keshokutwa. Ukiishiwa pumzi, hapo ndipo pako pa leo, wala usione haya. Mungu akupe kilima kinachokufaa, akuachie pumzi ya kukipanda, na siku utakapofika juu, awepo mtu wa kufurahi nawe. Ndaga, asante kwa kunisikiliza, mwanangu. Haya, inuka, vaa raba.