Mchoraji Aliyekuja Kang'ata

Ile siku mchoraji alipofika kwetu Kang'ata naikumbuka vizuri, mwanangu. Na kwa kuwa umekuja kuniuliza nani akuchoree picha ya nyumba ya wazazi wako kabla haijabomolewa, kaa nikusimulie.

Nilikuwa mke mgeni kwa Wazigua, nimetoka Korogwe. Baba mkwe, Mzee Mhando, alitaka kubomoa nyumba yake ya udongo ajenge ya matofali, ila roho ilimuuma, maana watoto wake wote walizaliwa humo. Akasema ichorwe kwanza. Mume wangu Saidi alimpendekeza fundi wa mabango wa Kabuku, mzee aliyekuwa akichora simba kwenye kuta za hoteli. Baba mkwe akakataa, akasema yule kila nyumba ataigeuza hoteli. Akamwita Zuberi, kijana wa Korogwe, ambaye ukiitazama picha yake unaweza kumtaja mwenye nyumba.

Zuberi alikuja siku ya kwanza kuitazama tu. Nikampa maji, tukasalimiana kwa Kishambaa, lugha ya kwetu, nikamuuliza habari za nyumbani, tukacheka kidogo. Basi. Saidi Kishambaa alikisikia nusu, na nusu iliyobaki akaijaza mwenyewe. Wivu haukosi maneno.

Tangu hapo sikupumua. Nikifagia uwanja, ananiuliza namfagilia nani. Nikijifunga kanga mpya, ananyamaza kutwa, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko makelele. Kabla Zuberi hajarudi na rangi zake, Saidi akaniambia mama yangu anaumwa, niende Korogwe nikamwuguze. Nilimkuta mama shambani, anapalilia mahindi.

Mama mkwe naye alikuwa Chanika kwa binti yake aliyejifungua, na baba mkwe alishinda shambani, kwa hiyo jiko halikuwashwa moto. Saidi akafunga mlango wa mbele, akaketi kando ya mchoraji kutwa nzima, akimlinda. Sijui alimlinda na nini, nami nilikuwa mbali.

Zuberi alikwenda kuimalizia picha kwake. Alipoileta, sote tulikuwa tumerudi, na paa la nyumba lilikwisha kuezuliwa. Picha ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Ufa wa ukutani ulikuwepo, hata kinu. Mama mkwe akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mbona kama tulihama?"

Baba mkwe akamuuliza Zuberi kwa nini mlango umefungwa.

"Nilichora nilichokikuta, mzee," akajibu kwa adabu.

Saidi akamwomba aongeze watu, hata moshi wa jikoni. Zuberi akasema angeweza kuweka moshi, lakini usingekuwa wa nyumba ile. Baba mkwe akamgeukia mwanawe, sauti chini kabisa. "Saidi, mtu alikuja kutazama nyumba yangu, wewe ukaona kaja kumtazama mkeo. Sasa nitawaonyesha nini wajukuu?"

 Usiku ule Saidi hakula. Kesho yake aliniomba radhi, tena mbele ya mama yake, jambo ambalo wanaume wa wakati ule hawakulizoea. Wivu wake haukwisha, nisikudanganye. Mpaka uzeeni nikicheka na muuza mafuta ya taa alikuwa anakohoa. Lakini alijifunza kuniambia, "Leo moyo wangu mbaya," nami nikajua la kufanya.

Mwanangu, mchagua nazi hupata koroma. Usimchague mchoraji kwa sura wala kwa kabila, wala usimkatae kwa sababu mumeo anamwonea wivu. Zitazame kazi alizochora, waulize wenye nyumba hizo kama wanajitambua. Ukishampata, mwache aikute nyumba ilivyo siku zote: watoto wachafu, sufuria motoni, wewe na kanga yako ya kila siku. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Na wivu ukikuingia, wewe au mwenzako, usemeni kwa kinywa kabla haujaanza kufanya kazi kwa mikono.

Mungu akupe nyumba isiyokosa moto wala kicheko, na mwenzi atakayekuamini ukiwa machoni pake na ukiwa mbali naye. Amina.