Kamkia ka Girls na Kazi Niliyopoteza Meru

Siku yangu ya kwanza kwa karakana ya mabango pale Embu, msimamizi Njeru alinipa brashi na uzi wa chaki. Uzi unaupaka chaki, unauvuta juu ya ubao, unauachilia. Hapo una mstari wa kusimamishia herufi. Kuchora herufi niliwashinda wote. Kusoma Kizungu ni kitu kingine. Niliacha shule darasa la nne, na hilo sikumwambia Njeru.

Iliyonichanganya ni apostrofi, kale kamkia kanakaa juu karibu na s kuonyesha kitu ni cha nani. Nilimuuliza Njeru kanaenda wapi.

"Kabla ya s, kijana. Duka la Nyaga, kamkia kati ya Nyaga na s. Usiniulize tena."

Sikumuuliza tena.

Baadaye nilihamishiwa Meru, chini ya msimamizi Mwenda, mtu wa kuvaa tai hata akikoroga rangi. Ikaja kazi ya bango la shule ya wasichana. Kwa karatasi, mwalimu mkuu alikuwa ameweka kamkia baada ya s ya neno Girls. Nikamwonyesha Mwenda.

"Huyu mama ameteleza," akasema, akakasogeza kabla ya s na kalamu yake. "Chora hivi. Na uweke sahihi."

Sheria ya karakana ilikuwa mchoraji aandike "nimesoma" na sahihi yake chini ya karatasi kabla ya kugusa rangi. Nikaandika, vile nilikuwa nikiandika miaka yote.

Mwalimu mkuu alipokuja kuchukua bango aliuliza, "Kwani shule yangu ina msichana mmoja?" Wapakiaji waliokuja kulibeba wakacheka. Hata mimi nikacheka, na sikujua ni nini.

Mwenye karakana akaitisha karatasi. Mwenda akawahi: "Bosi, sahihi ni ya huyu Mugo."

"Mugo, ulisoma?"

Ningesema ni Mwenda alikasogeza. Lakini angeuliza mbona sikubisha, na wapakiaji walikuwa wamesimama hapo wakisikiliza.

"Nilisoma, bosi."

"Basi ulijua na ukaharibu. Enda nyumbani."

Sasa niko Manyatta, upande wa Embu, na majani chai yangu. Nimestaafu, kama kufukuzwa ni kustaafu. Njeru alinipa nusu ya sheria, Mwenda akaniuza. Binti yangu amenieleza kwamba wasichana wakiwa wengi, kamkia kanafuata s. Halafu akaleta ile children, kamkia kanarudi kabla ya s. Nikamwambia aache.

Nyinyi mnaoanza kazi, kama kuna kitu hujui kusoma, sema siku ya kwanza. Mimi nimechelewa. Hata nikikutana na yule bosi leo sokoni, aniulize tena, najua nitamwambia nilisoma.