Lochakapong na Waya wa Kijani

Mimi ni mtu wa mdomo, sitaki kujisingizia vingine. Miaka kumi na mmoja nilikaa dirishani mwa stoo ya yadi ya magari Lodwar, nikigawa spana, nati na grisi, na sikumbuki jambo lililopita mbele ya dirisha lile nisilisimulie mahali. Mume wangu alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Nilimfuata kutoka Maragoli nikiwa na sanduku moja na kuku wawili, na wale kuku walikufa kwa joto hata kabla hatujafika. Lakini nikimkumbuka Lochakapong, haya na furaha hunijia pamoja, maana mdomo huu nusura ummalize.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa miaka arobaini na kitu, asiyependa kuharakishwa. Kwao ni upande wa Kakuma. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya sabini ulipomaliza ngamia wake wote, alimchukua mkewe Akidor na binti yao Akal, wakaja Lodwar kwa miguu, wakajenga Kanamkemer, kando ya mji. Yadi ilimwandika kibarua wa kubeba maji. Alimwaga maji kwenye rejeta za watu, kisha akabaki amesimama pale, mikono nyuma, akitazama injini. Mafundi walimcheka. Walisema anatafuta mahali pa kukamulia.

Kicheko kiliisha mwaka wa sabini na tatu, siku lori letu lilipozimika karibu na mto Tarach, pale Kakuma, limejaa unga. Dereva na fundi walibadilisha plagi, wakamwaga petroli wakaichuja kwa kitambaa, wakatukana. Injini ilikuwa inashika, inakohoa, inakufa. Lochakapong, aliyechukuliwa safari ile kupakia magunia tu, akauliza, "Hii moto inatoka wapi, inaenda wapi?" Kwa kumdhihaki, dereva akamwonyesha betri. Basi akaanzia kwenye betri, akapapasa waya mmoja mmoja kwa vidole, hadi akafika kwenye ule unaokwenda kwenye koili, inayozipa plagi moto. Akaukunja. Nje ulikuwa mzima kabisa, lakini ulikunjika kirahisi mno mahali pamoja.

"Huyu amekufa ndani," akasema.

Walipoukata, kweli, shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda lake. Wakaunga, lori likanguruma, na watu wa Kakuma wakala ugali usiku ule. Tangu hapo, gari likiwa na ugonjwa wa kujificha, alikuwa anaitwa yeye. Alijitengenezea taa yake ya kupimia: balbu ndogo ya indiketa yenye nyaya mbili, aliyoivaa shingoni kama shanga. Kusoma hakujua hata herufi moja. Land Rover alizijua kuliko wenye vyeti, ila mshahara ulikuwa wa kibarua, na cheo ni kibarua.

Mwaka wa sabini na saba ukaja waraka. Kuanzia mwezi wa kumi, asiye na cheti cha ufundi hatagusa gari la yadi, na vibarua wa gereji watapunguzwa. Mtahini angekuja kutoka Kitale kuwafanyia mtihani, ule tuliouita tredi testi. Anayepita anaajiriwa. Anayeanguka aende zake.

Akidor alikuja dirishani kwangu siku hiyohiyo. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi.

"Mama Stoo," akaniambia, "akianguka, sisi tunarudi Kakuma. Kule hakuna mifugo. Na Akal anaacha shule."

Akal alikuwa darasa la tano, na kwa hesabu alikuwa mkali kama pilipili. Nilimwahidi Akidor kwamba nitafanya niwezalo. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu hakuna aliyeniomba kufanya chochote.

Mtahini alifika Jumanne alasiri. Aliitwa Kipkemboi, kijana nadhifu, shati jeupe hata baada ya vumbi la njia nzima ya kutoka Kitale. Watahiniwa walikuwa wawili: Lochakapong, na Wainaina, fundi aliyesomea chuo cha ufundi huko kwao akaondoka bila cheti, mtu wa haraka na mwenye kujiamini. Mtihani ulikuwa kesho asubuhi.

Saa kumi na moja jioni, kazi ikiwa imekwisha, mimi nilikuwa bado nahesabu boliti. Nikamwona Kipkemboi ameingia kwenye Land Rover ya mtihani, ameinama chini ya dashibodi na koleo mkononi. Nikanyoosha shingo. Alikuwa nyuma ya mita ya joto, ile yenye mshale unaokuonyesha injini inapochemka. Akashika waya wa kijani wenye mstari wa buluu, akauchuna kidogo, akaugusisha kwenye bati. Alipowasha swichi, mshale ukapanda wenyewe, polepole, hadi kwenye nyekundu, na injini iko baridi kama jiwe la mtoni. Nikaelewa: huo ndio ugonjwa atakaowapa.

Nilifunga stoo mbio. Lochakapong alikuwa bombani, ananawa miguu.

"Ejok, Baba Akal," nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok noi, Mama Stoo."

"Sikiliza. Kesho mshale utakuambia injini inachemka. Ni uongo. Waya umegusa bati nyuma ya mita, pale pale nyuma ya mita. Nenda moja kwa moja, ufungue, umalize."

Alinitazama. Akafuta mguu mmoja, akafuta wa pili. "Nasikia," akasema, basi. Hata asante hakunipa. Nikaenda nyumbani nikinung'unika kwamba shukrani ya punda ni mateke. Na sikujua kwamba nimemwaga mtama penye kuku wengi: Wainaina alikuwa nyuma ya tangi la maji, anaoga.

Asubuhi Kipkemboi alitoa saa yake mfukoni. Dakika arobaini kwa kila mtu. Wainaina akawa wa kwanza. Lochakapong akaambiwa angoje nje, asione.

"Gari hii inasema inachemka," Kipkemboi akaanza. "Tafuta—"

Hakumaliza. Wainaina alikwisha kupiga mbizi chini ya dashibodi. Nilimwona akifanya vile, nikajua papo hapo amesikia. Akatafuta waya uliogusa bati. Hakuuona. Akatafuta tena kwa tochi. Akaivuta mita nje, akaja dirishani kwangu kuomba mpya, akaifunga. Akawasha swichi. Mshale ukapanda taratibu, ukalala kwenye nyekundu. Dakika zikaisha, Wainaina akiwa amelowa jasho, dashibodi imetapakaa kama mahali palipochinjiwa mbuzi. Kipkemboi aliandika kitu, akatabasamu kidogo, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Nikaelewa. Ugonjwa ulikuwa umehamishwa. Nyuma ya mita hapakuwa na kitu tena, na mimi nilikuwa nimemtuma Lochakapong pale pale nyuma ya mita. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kujifanya nimeumwa na nge. Lakini Kipkemboi alikuwa kati yangu na lango, na Lochakapong alikuwa anaingia tayari, taa yake shingoni. Ulimi uliponza kichwa, husemwa. Wangu ulikuwa unaponza kichwa cha mtu mwingine, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mzee, gari hii inasema inachemka. Tafuta shida. Dakika arobaini."

Lochakapong alizunguka gari mara moja. Akafungua boneti, akaweka kiganja kizima juu ya injini, akakiacha pale.

"Injini iko baridi," akasema. "Basi anayesema uongo ni mshale, ama njia yake."

Nikafumba macho, nikingoja aende nyuma ya mita. Nilipofumbua alikuwa kwenye betri. Betri! Akagusisha taa yake huku na huku, ikawaka. Akahamia kwenye fyuzi, taa ikawaka. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania mbao za dirisha hadi kibanzi kikaniingia kidoleni, na moyoni nikawa nasema asante, asante, mkaidi wewe, Mungu akuzidishie ukaidi.

Akafuata kile kidude kilichopachikwa kichwani mwa injini, chenye kazi ya kuonja joto na kupeleka habari zake kwa waya. Akauchomoa waya wa kijani pale. Akaenda kutazama mshale. Kama kidude ndicho kibovu, mshale ungeshuka. Haukushuka.

"Huyu hana makosa."

Kisha akaingia chini ya dashibodi, na roho yangu ikanitoka upya. Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha. Lakini hakufungua mita. Aliuchomoa waya nyuma yake, basi, akakaa akitazama. Mshale ukashuka, polepole, hadi chini kabisa.

"Na huyu hana makosa."

Sasa waya ulikuwa umefunguliwa pande zote mbili, haujashikana na kitu chochote. Akafunga mguu mmoja wa taa yake kwenye betri, mwingine kwenye ule waya. Waya mzima, ulio peke yake, haupaswi kuwasha kitu. Taa ikawaka. Maana yake mahali fulani njiani, ndani ya gari lile, ulikuwa unagusa bati kwa siri.

Akaanza kuupapasa. Unapita kwenye vibanio vingi, umeviringishwa utepe mweusi pamoja na wenzake, unapenya ukuta wa injini, unapinda. Alifungua kibanio cha kwanza, akatikisa, akatazama taa. Inawaka. Cha pili. Inawaka. Kipkemboi akasema, "Dakika kumi, mzee." Lochakapong hakuongeza mwendo hata kidogo. Nilikuwa tayari kumpiga. Angeruka viwili tu! Angekwenda mwisho! Hakuruka. Cha nne, cha tano. Kwenye cha sita, nyuma kabisa ya injini, pale mkono unapoingia kwa kukwaruzwa, alipotikisa, taa ikazimika, ikawaka.

Akabandua utepe pole pole. Akavuta kitu kwa kucha mbili, na taa ikazimika moja kwa moja. Ilikuwa pini, ya fundi cherehani, imekatwa kichwa, imedungwa kwenye waya hadi kwenye bati. Akaiweka kwenye kiganja cha Kipkemboi. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Nililia. Sioni haya kusema. Nilikaa juu ya dramu la grisi nikalia kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amepatikana.

Lakini Kipkemboi hakuandika. "Mzee," akasema, "yule wa kwanza alikimbilia nyuma ya mita hata sijafunga mdomo. Na wewe uliambiwa?"

Neno dogo tu, "hapana", lilikuwa linamtosha.

"Ndiyo," Lochakapong akajibu. "Mtu aliniambia iko nyuma ya mita."

"Na mbona hukwenda?"

"Ngamia ikipotea, watu inakuambia mambo mingi. Huyu anasema, nimeona kwa Tarach. Huyu anasema iko Lokichar. Pengine anasema kweli. Lakini wewe unaenda pale mguu yake ya mwisho iko kwa mchanga, unaanza hapo. Ukiacha mguu ukafuata mdomo, watoto analala bila maziwa."

"Ni nani alikuambia?"

"Ni mtu alitaka mimi nipite."

Nilijua hatasema zaidi, hata kwa kukosa cheti. Nikatoka stoo, machozi yakiwa bado usoni, nikaenda kusimama mbele ya yule kijana.

"Ni mimi," nikasema. "Hakuniomba. Na Wainaina naye alisikia kwa sababu ya mdomo wangu, si fundi mbaya. Kama kuna wa kuandikwa makosa, niandike mimi."

Kipkemboi alirudisha saa yake mfukoni. "Mama, lile dirisha lako lina macho makali. Niliyaona jana. Ulipofunga stoo tu, nikauhamisha ugonjwa." Akamgeukia Wainaina. "Wewe kesho asubuhi nakupa ugonjwa mwingine. Na kesho ningoje nimalize kusema." Kisha akaandika kwenye karatasi ya Lochakapong, akampa mkono, kwanza wa kulia, halafu yote miwili kama mtu anavyomsalimu mkubwa wake. "Umepita, mzee."

Lochakapong alikaa chini mchangani, hapo hapo kando ya gurudumu. Aliuliza tu, "Akal abaki shule?" Kipkemboi, ambaye hakumjua Akal, akajibu, "Abaki." Nilipojaribu kumwomba Lochakapong msamaha, akanyoosha mkono akakitoa kile kibanzi kidoleni mwangu, kwa kucha zilezile.

Vibarua wa yadi walikuwa wanasimama nje ya lango kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, msimamizi akitoka na kuwaonyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyeonyeshwa hurudi nyumbani. Kesho yake nilipofika na funguo zangu, Lochakapong alikuwa amesimama palepale, kwenye mstari, taa shingoni, anangoja kuonyeshwa. Miaka sita alikuwa amesimama hapo.

"Baba Akal," nikamwambia, "wewe sasa unaingia tu."

Akatazama lango, akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliyafuata maneno yangu bila kuyachunguza, akaingia.