Mkono Aliouinua Pasi

Kama kuna mwanamume aliyejua kunyoosha kitu kikanyooka, basi ni yule dobi waliyemwita Pasi. Shati liletwe limekunjamana kama uso wa mtu aliyemeza shubiri, kwake litatoka limesimama wima mpaka mwenyewe aogope kukaa nalo. Ila maneno matamu kwa mkewe, ah, hayo msimdai. Na kumshika mkono ndiyo kabisa. Wakitoka pamoja, yeye mbele, mkewe nyuma, mgeni angedhani wamekutana njia panda tu. Mwenyewe alisema kushikana mikono ni mambo ya watu wasio na kazi, na mikono yake ilikuwa na kazi tangu kunakucha.

Mkewe walimwita Vidole, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa msusi. Baraza la nyumba yao waligawana: upande huu meza ya dobi na rundo la nguo, upande ule benchi la msusi, kioo na kopo la vitana. Vidole alisuka huku anapiga soga, anacheka, anageuka kumkaripia mtoto wa jirani, na mstari haupindi. Wateja walisinzia mikononi mwake, wakiamka kichwa kimekwisha. Halafu asubuhi moja, akiwa katikati ya kichwa cha mtu, kitana kikamponyoka. Akainama kukiokota, na mkono wa kulia haukumfuata.

Kiharusi hicho. Mdomo ulipinda, ukarudi karibu wote. Mguu ulizira, nao ukarudi ukichechemea. Mkono ndio uliogoma. Na mnisikilize vizuri hapa: kwa msusi, mguu unaweza kukaa nyumbani, lakini mkono ukigoma, msusi hayupo.

Hospitalini wakampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja wa makamo, mpole lakini asiyetaka mchezo.

"Mazoezi kila siku, mama," akamwambia Vidole. "Mkono uuinue wewe mwenyewe, pale utakapofika ndipo hapo hapo. Haba na haba. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe, ukiichezea utakuja kuitafuta." Kisha akamgeukia mume. "Na wewe, mzee, kazi yako ni kumtia moyo. Usimwinulie."

"Nimekuelewa, daktari," akajibu Pasi. Hata nusu hakuelewa.

Siku ya kwanza Vidole alijaribu kweli, Mungu anamwona. Alikaa kwenye kiti chumbani, akauma meno, bega likatetemeka, jasho likamtoka. Mkono ukapanda kidogo kutoka mapajani, ukaning'inia, ukaanguka pu! Akajaribu tena, pu! Mara iliyofuata haukutoka kabisa. Akaanza kulia, kilio kile cha mdomo uliokwenda upande, kisichokuwa na sauti.

Pasi hakuweza kutazama. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote akiona kikunjo anakinyoosha, wala hakai kungoja shati lijinyooshe lenyewe. Akasogea, akaushika ule mkono kwenye kiwiko, na kwa mkono wake wa pili akapitisha vidole vyake katikati ya vidole vya mkewe. Akauinua taratibu mpaka juu ya kichwa, akaushusha, akauinua tena.

"Umeona? Unapanda vizuri tu. Usilie."

"Daktari kasema niinue mwenyewe."

"Mgonjwa haulizwi uji," Pasi akasema. "Wewe tulia."

Vidole akatulia.

Basi ikawa ndiyo kawaida yao. Kila jioni Pasi akishazima pasi, anaingia chumbani, anainua, anashusha. Tunawajua watu wa mazoezi sisi: ananunua raba mpya, anakimbia wiki moja mtaa mzima ujue, wiki ya pili zile raba anaendea sokoni. Pasi hakuwa wa hivyo. Mvua inyeshe, wateja wagombe, homa impande, atakuja. Siku moja alikuja anatetemeka kwa baridi, blanketi mabegani, na mkono wa mkewe akauinua vile vile. Majirani wakamsifu kwamba wanaume kama yule wamekwisha duniani, naye sifa zikamwingia, nani asiyependa sifa?

Vidole naye hakukosa. Saa ikikaribia utamkuta ameshaoga kwa shida zake, amejipaka mafuta, amevaa gauni lililopigwa pasi, amekaa kitini anatazama mlango. Pasi akaona hiyo ndiyo ari yenyewe.

"Mke wangu ana moyo," aliwaambia wateja huku anakunja suruali zao. "Ngojeni kidogo tu, mtamwona benchini."

Na walikuwapo waliongoja. Mama mmoja muuza vitambaa, mteja wa tangu ujana, alikataa kukaa chini ya msusi mwingine. Alijifunga kilemba nywele zikaota humo ndani kama zinavyotaka, na akipita barazani anauliza, "Dada yangu vipi, mkono unasemaje?" Vidole anajibu kutoka ndani kwamba unaendelea. Alipojibu hivyo, sauti yake ilikuwa ndogo, lakini nani anaipima sauti ya mgonjwa?

Aliyeipima ni mdogo wake Vidole, mwanamke mwenye ulimi wa upupu, ambaye kila mwisho wa wiki alikuja kumfulia na kumpikia dada yake. Jioni moja akamkuta anajipaka mafuta.

"Dada, unaenda mazoezini au unaenda harusini?"

Vidole akacheka kwa upande mmoja. Mdogo mtu akakaa mlangoni, mkono shavuni, akatazama mazoezi mwanzo hadi mwisho.

"Shemeji," akasema, "nikuulize, usinipige. Anayefanya mazoezi hapa ni nani? Maana mabega yanayonenepa naona ni yako."

"Toka hapa! Siku hizi kila mwenye mdomo ni daktari."

"Mwachie basi tuone."

"Nimwachie uanguke alie? Huna huruma na dada yako wewe?"

"Ninayo. Ndiyo maana nasema mwachie."

Pasi akanuna, na alipokuwa akinuna alinuna kweli, hata sahani ya chakula hakuipokea mkononi mwa shemeji yake. Vidole alikuwa anaurudisha mkono mapajani kwa kutumia ule mzima, akiuweka vizuri, kama anayelaza mtoto.

Kosa lingine la Pasi ni kuacha kwenda hospitali. Ya nini kukaa foleni kutwa nzima, na mazoezi si wanafanya nyumbani? Miezi ikapita hivyo. Siku waliyokwenda, alimfuata yule mtaalamu kwa madaha, kama mwanafunzi anayejua amefaulu.

"Hatujakosa hata siku moja, daktari. Muulize mwenyewe."

Mtaalamu akafurahi. Akamkalisha Vidole, akamwambia, "Haya mama, tuonyeshe."

Vidole akatazama chini. Mkono ukakaa pale pale. Bega halikutikisika hata kidogo, na ule mtetemeko wa siku ya kwanza haukuonekana.

"Labda amechoka na safari," Pasi akasema haraka. "Ngoja nikuonyeshe tunavyofanya." Akaushika, akauinua hadi juu, laini kabisa.

"Na yeye hapo anafanya nini?" mtaalamu akauliza.

"Yeye anapumzika."

Yule mama akavuta kiti karibu, akawaeleza bila ukali. Akasema kwamba mkono hausahau peke yake, kinachosahau ni kichwa kinachouamrisha, na kichwa kisipouamrisha kila siku kinaona hauhitajiki tena. Mkono ukiinuliwa na mtu mwingine, aliyefanya mazoezi ni huyo mtu mwingine. Sasa wataanza upya, ila wasitarajie kusuka. Kushika kikombe, labda.

"Kwa hiyo nimemlemaza mimi," Pasi akasema.

"Sijasema hivyo, mzee. Hata angejitahidi, nisingeweza kukuapia."

"Lakini pia hujasema sivyo."

Na wakati wote huo Vidole alikuwa anatazama dirishani, kama wanaoongelewa ni watu wengine.

Njiani Pasi alitangulia kama kawaida yake, lakini safari hii alikuwa anakimbia aibu. Usiku wote hakulala. Asubuhi akala kiapo: hatamgusa tena mkewe. Atakaa mbali, amtie moyo kwa maneno kama alivyoagizwa, hata akilia. Huyo ndiye Pasi, alichokosea upande huu alikwenda kukikosea upande wa pili.

Jioni akaketi mbali naye, mikono ameibana kwapani isije ikamsaliti.

"Inua."

Vidole akamtazama.

"Inua, mke wangu. Jitahidi. Penye nia pana njia."

"Njoo uushike kwanza."

"Sikushiki! Umesikia daktari alivyosema. Inua!"

Hakuinua. Kesho yake vile vile, na siku zilizofuata vile vile. Akaacha kuoga mapema. Akaacha mafuta. Gauni la kulalia likawa ndilo la mchana. Pasi akaona uzito wa kukaa mle ndani anatazamana na mkono usiokwenda, akaanza kubaki kwenye meza yake na kuuliza kwa sauti tu, "Umefanya?" Kutoka ndani anajibiwa, "Nimefanya." Naye anaendelea na mashati.

Siku moja yule muuza vitambaa alipita ng'ambo ya barabara, upande ambao hakuwahi kupita. Kilemba hakuwa nacho. Kichwa kilikuwa kimesukwa, kipya, mistari inang'aa. Alitembea haraka, uso ameuelekeza kwingine. Pasi alimwona, na moyo ukamuuma hadi akasahau pasi juu ya kola, kola ya watu ikaungua. Alipoinua macho akakuta mkewe amesimama dirishani. Naye amemwona yule mteja wake.

Jioni hiyo Pasi akauliza kama kawaida, "Umefanya?"

"Nimefanya."

Ila alikuwa amesimama mlangoni, na mkewe hakujua. Vidole alikuwa amekaa kitandani, mkono umelala mapajani, anatazama sakafu.

"Muongo!" Pasi akafoka. "Kumbe siku zote hizi unanidanganya! Mimi najichosha, nalaumiwa, nakosa usingizi, kumbe mwenzangu hutaki kupona! Unataka nini wewe? Hebu nieleze, unataka nini?"

Vidole hakulia. Laiti angelia, Pasi angejua la kufanya.

"Nikuulize na mimi," akasema. "Tangu tuoane, umewahi kunishika lini?"

"Mambo gani tena hayo?"

"Nakuuliza. Lini?"

Pasi akatafuta. Akatafuta kweli, kama mtu anayepekua mifuko ya suruali ya mteja kabla ya kuiloweka. Siku watoto walipozaliwa alikuwa nje. Siku walipomzika mmoja wao, mikono yake ilishika koleo, na mkewe alishikwa na majirani. Hakupata kitu.

"Kila jioni ulikuwa unazima pasi, unakuja," Vidole akasema. "Unaweka vidole vyako katikati ya vyangu. Mimi nikajisemea, nikiuinua mwenyewe, huyu atarudi kwenye mashati yake."

"Kwa hiyo ulikuwa unaweza?"

"Sijui. Siku zile za mwanzo kulikuwa na kitu hapa begani, kinataka kuvuta. Nikawa nakizuia. Siku hizi nakitafuta, hakipo tena."

Pasi akakaa chini sakafuni. Alitaka kugomba, hasira haikuja. Alitaka kuomba radhi, hakujua inaanzia neno gani. Akaunyoosha mkono wake, akaushika ule wa kulia.

"Huo hausikii," mkewe akamwambia. "Tangu siku ya kwanza hausikii. Nilikuwa naona tu kwa macho kwamba umenishika."

Akauachia. Akahamia upande wa pili, akaushika wa kushoto. Ulikuwa wa moto, na ulimbana. Pasi akashtuka, mzee mzima, kwa kubanwa mkono na mke wake. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta kwa sababu hakutaka kuuachia.

"Kesho nitakuja," akasema. "Na kesho kutwa."

"Hata nisipouinua?"

"Hata usipouinua. Hata usiuinue mpaka tunakufa, mimi nitakuja."

Vidole akageuza uso, akautazama ukuta. Mkono wake mzima ulikuwa bado ndani ya mkono wa mumewe.

"Neno hilo ungelisema mwanzoni," akasema, "ningeuinua."