Kikomo Nilichokipigania Mwenyewe

Zile sheria za pesa za ligi nilizijua kwa sababu ya hasira. Timu yetu ya hapa, ile ya mpira wa yai wa Kimarekani, ilimwachilia beki niliyempenda, na jezi yake nilikuwa nimeinunua majuzi tu. Nikaanza kusikiliza redio kila siku nikienda kazini, kiwandani Fridley, nikigombana nayo peke yangu ndani ya gari mpaka nikaelewa. Pesa za TV za ligi nzima zinawekwa pamoja, kila timu inapata sawa. Halafu kuna kikomo: hakuna timu inaruhusiwa kulipa wachezaji kupita kiasi fulani, hata mwenye timu awe tajiri namna gani. Ndiyo maana mji wa theluji kama wetu unaweza kupiga mji mkubwa wa pwani. Na ndiyo maana beki wangu alienda. Alikuwa ghali.

Sasa, sisi Wakenya tuna ligi yetu ya mpira wa miguu, timu nne, Jumamosi mchana. Pesa inatoka kwa nyama choma. Timu iliyo kwenye uwanja wake inauza sahani na kuweka pesa mfukoni. Timu ya Plymouth ni watu wa ofisi, uwanja wao una parking ya kumwaga, watu wanapiga foleni ya nyama. Sisi Fridley tunauziana wenyewe na watoto wetu. Ile pesa Plymouth wakaigeuza ya petroli ya wachezaji, na kwa petroli hiyo wakachukua straika wetu. Kisha winga. Aliyebaki ni kipa, na bila yeye hatukuwa na timu.

Kipa wetu ni Mkongomani, anakaa Maplewood, anafanya usafi hospitalini. Hana gari, kwa hiyo timu ilikuwa inamlipia teksi kuja na kurudi. Baridi yangu ya kwanza hapa alinivua kajaketi kangu kembamba akanivalisha koti lake, na hajawahi kuliulizia. Mtu kama huyo haibiwi nikiangalia.

Kwa hiyo mkutano wa ligi ulipoitwa, kwenye basement ya kanisa, nilisimama kabla maombi hayajapoa. Nikasema pesa ya nyama yote iwe moja, tugawane sawa, na kuwe na kikomo cha kile timu inawapa wachezaji.

Mwenyekiti wa Plymouth, mzee wa suti, alinitazama juu ya miwani. "Kijana, hii ni ligi ama ni chama cha akina mama? Mimi nichome nyama, wewe ugawiwe?"

"Mzee, sisi tukifa utacheza na nani? Na hiyo nyama utamuuzia nani?"

Watu wakacheka. Nikaona nimewapata, nikaongeza moto. "Mabilionea wa nchi hii wanagawana. Wewe una nini cha kuwashinda?"

"Sawa," akasema, polepole sana. "Basi tufuate mabilionea wako kabisa. Kikomo kihesabu kila kitu mchezaji anapewa. Petroli, viatu, teksi."

"Kila kitu," nikasema. "Hata lifti. Ujanja hatutaki."

Nilikuwa nawafungia wao mlango, maana yule straika waliyetuchukulia walikuwa wanambeba kwa van. Mikono ikainuka. Ikapita. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika.

Kocha wetu ni binamu yangu, mtu wa maneno machache. Alingoja mpaka tukaingia kwa gari. "Teksi ya Maplewood umeipigia hesabu?"

Nikawasha gari, yeye akaendelea.

"Watu wa Plymouth wengi wana gari na pesa, petroli wanawapa wale wawili wetu tu. Kikomo hakitawagusa. Teksi ya kipa peke yake inakula karibu kikomo chetu chote."

"Nitamleta mimi."

"Lifti inahesabiwa. Umesema mwenyewe, tena umesimama."

"Basi tutaficha."

"Utaficha kipa?"

Nilitaka kumpiga. Nikamwambia atoe wengine, kipa abaki. Akasema sawa, ili teksi itoshee ni lazima watoke wanne tunaowalipia petroli na viatu, niwachague mimi na niwapigie simu mimi. Nilipita majina yao kichwani, wote vijana wa kiwandani tunaokula nao, na sikupata hata mmoja.

Kesho yake baada ya kanisa nikaenda Maplewood. Kipa alishuka ngazi za apartment akicheka, akaingia kwa gari na glavu zake mkononi, alidhani tunaenda mazoezi.

"Banasema ulishinda, ndugu. Banasema ule mzee alinyamaza."

Nikamweleza yote. Sikujitetea. Alikaa anakunja glavu, anakunjua.

"Sasa teksi yangu njo inanitoa?"

"Mdomo wangu ndio unakutoa."

Simu yake ikalia. Tukaliona jina pamoja: mwenyekiti wa Plymouth. Chini ya kikomo changu Plymouth walikuwa na nafasi ya kumlipia teksi nzima, na ibaki. Hakupokea. Alinitazama tu. Nikitikisa kichwa kukataa, nilijua, angeizima ile simu na kukaa nyumbani msimu mzima kwa ajili yangu. Ndivyo alivyo. Na mimi ndivyo nilivyotaka, kwa sekunde kama tatu hivi.

"Pokea," nikasema.

"Utakasirika."

"Nimeshakasirika. Pokea."

Akaweka sikioni. Nikafungua mlango nikatoka nisisikie, nikasimama kwenye parking na koti lake nimelifunga mpaka shingoni.